Ufito mfupi wa vijito vya msituni: pima mto kabla ya kupima ufito

Kijito ninachokipenda kuliko vyote sijawahi kukiona kwenye ramani. Kinashuka upande wa mashariki wa Milima ya Aberdare, kinapenya katikati ya mianzi, kisha kinamwagika katika Mto Gura. Sehemu nyingi unakivuka kwa hatua tatu. Mianzi ya ng'ambo hii na ya ng'ambo ile imeinamiana hadi ikakutana, na chini yake pana giza hata saa sita mchana. Kwenye giza hilo ndimo wanamokaa trauti, samaki wa maji ya baridi.

Trauti hawa si wenyeji wa milima yetu. Mayai ya kwanza yaliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan kutoka Loch Leven, Uskoti, na makinda yakatiwa katika Gura. Zaidi ya karne imepita na wamezoea kabisa. Katika vijito vidogo hawakui sana. Samaki wa urefu wa kiganja na nusu ni samaki wa kujivunia. Lakini ukimtoa kwenye maji yale ya baridi, ana madoa mekundu yaliyozungushiwa weupe, ubavuni ana rangi ya siagi, na moyo wako unakwenda mbio kana kwamba umevua papa.

Siku ya kwanza nilikwenda na ufito wa kuvulia wa futi 9, niliouziwa na mgeni aliyekuwa akihama Nairobi. Ni ufito mzuri na bado ninao. Bwawani unatupa mshipi mbali, na nzi, yaani ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, anatua taratibu. Pale kijitoni nilimaliza asubuhi nzima nikinasua nzi kwenye mianzi. Kila nilipoinua mkono, ncha iligonga jani. Kila nilipotaka kurusha, mshipi ulikuwa umeshashikwa nyuma. Nilivunja nailoni, ule uzi mwembamba ulio kati ya mshipi na nzi, mara kumi na moja, nikarudi na visanduku vya nzi vikiwa nusu.

Basi nikafanya kile ambacho wengi hufanya. Nilikwenda dukani nikaomba ufito mfupi kuliko wote. Nikapewa wa futi 6, wa kaboni, mgumu kama antena ya redio, namba 3. Muuzaji aliutikisa hewani, akaniambia una nguvu. Nikalipa. Kijitoni ulipita chini ya matawi bila shida, ila haukurusha chochote. Mshipi uliangukia miguuni pangu kama kamba ya kuanikia nguo iliyokatika. Nilikuwa nimetatua shida moja nikanunua nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ile namba iliyoandikwa juu ya mpini inamaanisha nini hasa. Na hili naomba ulielewe kabla hujatoa pesa yako, kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

Katika uvuvi wa nzi, kinachorushwa si nzi. Nzi ni manyoya na uzi, hana uzito wa kwenda popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ule mnene wa rangi, na uzito wake ndio unaoukunja ufito. Ufito ukijikunjua ndipo mshipi unaruka. Namba ya mshipi inatokana na uzito wa futi zake 30 za mwanzo, yaani kama mita 9. Mshipi wa namba 3 una uzito wa gramu 6.5 hivi katika urefu huo, namba 4 kama gramu 7.8, namba 5 kama gramu 9.1. Ufito wa namba 4 basi umetengenezwa kwa kudhani kwamba nje ya ncha yake pana karibu mita 9 za mshipi.

Sasa rudi kijitoni. Samaki yuko mita 4 mbele yako. Toa nailoni ya mbele, na mshipi mnene uliobaki nje ya ncha haufiki mita mbili, tena ni ile sehemu yake iliyochongwa nyembamba. Hiyo haifiki hata nusu ya uzito ambao ufito unausubiri. Ufito mgumu hauhisi kitu na haukunjiki, na usipokunjika hautupi.

Kwa hiyo ufupi peke yake ni nusu ya jibu. Unatafuta ufito mfupi unaokunjika kwa mshipi kidogo, tangu nchani hadi karibu na mpini, polepole, kama ufito wa mti mbichi. Ninaotumia leo ni wa futi 7, wa faiba, yaani nyuzi za kioo, namba 4. Faiba ilisahauliwa kaboni ilipokuja, kwa sababu ni nzito zaidi na ni ya polepole. Katika ufito wa futi 9 uzito huo unachosha mkono. Katika futi 7 huusikii, na ule upole wake ndio hasa unaouhitaji. Tena inavumilia kugongwa na matawi na mawe kuliko kaboni, na msituni utaigonga tu. Fito za mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa kwa mkono zina tabia kama hiyo, lakini bei yake ni ya mtu mwenye mfuko mwingine.

Ikiwa tayari una ufito mfupi mgumu, usiutupe. Uvishe mshipi wa namba moja juu: ufito wa namba 3 upe mshipi wa namba 4. Nilifanya hivyo kwa ule wa futi 6 na ukaamka. Chagua pia mshipi ambao mbele haukuchongwa mrefu sana, ili ule unene uanze karibu na nzi.

Urefu je? Kuna mzee mmoja aliyekuwa akituongoza msituni ambaye alinipa kipimo ninachokitumia hadi leo. Aliniona nikihangaika, akaniambia, "Kijana wangu, usiulize duka. Uliza mto." Akanisimamisha katikati ya maji, akaniambia niangalie kwanza juu, halafu pembeni.

Kama kilichokubana kiko juu, yaani matawi yamefunika kama dari, ufito mfupi ni lazima: futi 6 na nusu hadi 7. Utakuwa unatupa kwa ubavu, mkono chini, mshipi ukienda sambamba na maji. Kama kilichokubana kiko pembeni, vichaka vya kingoni vyenye urefu wa kiuno au kifua lakini juu ni wazi, ufito mfupi utakuumiza. Hapo unahitaji futi 8 au zaidi ili mshipi upite juu ya vichaka. Watu wengi husikia "kijito kidogo" wakakimbilia ufito mdogo, kumbe kijito chao kiko kwenye nyasi za juu za mlimani ambako hakuna mti hata mmoja.

Chini ya futi 6 na nusu mimi sishuki tena. Kila inchi unayopunguza unaipoteza mahali pengine. Ufito mrefu unakuwezesha kuinua mshipi juu ya mkondo wa kasi ulio kati yako na samaki, ili nzi asiburutwe. Kwenye Gura wenyewe, mto mpana wenye mawe makubwa na maji yanayokimbia, ninachukua ule wa futi 9 bila kufikiri mara mbili. Futi 7 pale ni kujinyima mkono.

Ukishakuwa na ufito, jifunze mitupo miwili kabla hujafika msituni. Wa kwanza ni wa kuviringisha. Mshipi unaanza ukiwa umelala juu ya maji mbele yako. Unainua ufito polepole hadi karibu na sikio, unasubiri mshipi uning'inie kando ya bega, kisha unasukuma mbele kwa mkupuo mmoja. Nyuma yako hakuna kinachokwenda, kwa hiyo hakuna cha kunaswa. Unahitaji maji ili mshipi ushike, kwa hiyo kaufanyie mazoezi bwawani, usijaribu uwanjani kwenye nyasi kavu.

Wa pili ni wa upinde, na huu ndio utakaokupa samaki ambao wengine wanawapita. Acha nje ya ncha mshipi na nailoni visivyozidi urefu wa ufito. Shika ndoana kwenye mzingo wake, sio karibu na ncha kali. Vuta nyuma hadi ufito upinde, elekeza ncha kwenye ule mwanya mdogo kati ya matawi, achia. Nzi anaruka kama mshale, anaingia kwenye tundu ambalo hakuna mtupo mwingine ungeweza kufika. Na hapa tena utaona ubora wa ufito laini: ule mgumu haupindi kwa kuvutwa na vidole viwili.

Nailoni ya mbele nayo watu huisahau. Ile ya futi 9 inayouzwa madukani ni ndefu mno kwa kazi hii. Ukiifunga kwenye ufito wa futi 7 na samaki yuko mita 3 mbele, nje ya ncha utakuwa na nailoni tupu, bila mshipi wa kuisukuma. Ikate ibaki futi 6 au 7. Trauti wa vijito hawachagui sana. Wana sekunde moja ya kuamua kabla chakula hakijapita. Nzi mweusi wa kuzama, kama ule unaoitwa Kenya Bug, unatosha karibu mwaka mzima, na mmoja wa kuelea wenye manyoya mengi kwa maji ya kasi. Bana kile kijino cha ndoana kwa koleo. Samaki anatoka bila kuumia, nawe utaitoa kwenye majani, na siku moja kwenye kidole chako, bila kilio.

Angalia vipande vya ufito pia. Futi 7 kwa vipande vinne ni kama sentimita 53, unaingia kwenye begi la mgongoni na hakuna anayekuuliza kwenye matatu. Ule wa vipande viwili unazidi mita moja, na ukiwa umebanwa kiti cha nyuma kutoka Nyeri, ncha ndiyo inayovunjika. Tena msituni kuna nyati na tembo. Ukiwa unapita mianzini mikono miwili iwe huru, ufito uwe begini, na askari wa wanyamapori awe mbele yako. Ulipie leseni ya uvuvi na kiingilio cha hifadhi, ndivyo mito hii inavyolindwa.

Mwezi Februari, mito ikiwa imepungua na maji ni kama kioo, nilirudi pale ambapo nilikatiwa nailoni mara kumi na moja. Nilipiga magoti kutokea chini, kwa sababu trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Mwanzi mmoja ulikuwa umelalia maji, na nyuma yake palikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa sinia. Niliupinda ufito, nikaachia. Nzi alipita chini ya mwanzi, akaelea labda kiasi cha kuhesabu mbili. Maji yakafumuka. Ufito ule wa faiba ulikunjika hadi kwenye mpini, nikausikia ukitetemeka kiganjani, na samaki hakuwa mkubwa kuliko mkono wangu.