Kabla hajaiacha Fizikia

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, kazi yangu hapa steshenari hubadilika. Kopi na barua hukaa pembeni, nashinda nikiwajazia vijana maombi ya vyuo. Wanakuja na mzazi, wanakaa kwenye benchi, nami nauliza: "Tunaomba kozi gani?" Kijana anamtazama mama yake. Mama ananitazama mimi.

Husemwa vijana wa siku hizi hawaiwazi kesho. Siafiki. Wanaiwaza, ila wengi huanza siku hiyo, mbele ya kompyuta yangu, ilhali nusu ya mambo yaliamuliwa kimyakimya kidato cha tatu. Chukua stashahada ya utabibu: inataka ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia, hata kama ni D. Binti anakuja na B ya Biolojia, lakini Fizikia aliiacha kwa sababu mwalimu alikuwa mkali na shoga zake wote wameingia sanaa. Mfumo haubembelezeki. Hata kwa wanaokwenda kidato cha tano, nafasi ya kubadili tahasusi, yaani mseto wa masomo, baada ya matokeo haimsaidii anayetaka PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) bila Fizikia.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto kidato cha pili, achana na "ukikua unataka kuwa nani". Hilo alishalijibu chekechea, akasema rubani. Fungueni pamoja mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi nchini Tanzania, unapatikana mtandaoni, msome sifa za kozi tatu nne anazozitaja, kisha ndipo achague masomo. Na mtaala wa 2023 umeleta mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, tangu kidato cha kwanza, maana yake mazungumzo haya yaanze hata darasa la saba.

Halafu akaione kazi yenyewe. Mpwa wangu alikuwa akiapa atasoma sheria. Likizo ya Desemba akashinda kwa fundi majokofu, si kwa mpango wowote, fundi ni jirani tu. Akajifunza kutafuta gesi inapovujia, akaona wateja wanavyolipa na wanavyokopa, akaona pia fundi anavyokaa siku nzima bila kazi mvua zikianza. Aliporudi aliniuliza chuo gani cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kina kozi ya majokofu na viyoyozi. Dada yangu alinuna, maana kanisani alishatangaza ana wakili. Mimi nilifurahi: kwa mara ya kwanza kijana aliuliza ada ni kiasi gani.

Jambo dogo linalowaliza wengi ni vyeti. Maombi ya mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na wapo walioandikwa Mohamedi huku, Muhammad kule. Kiangalieni leo. Majina yakipishana, yarekebisheni kabla ya usajili wa mtihani wa taifa, si wiki ambayo dirisha la mkopo linafungwa na foleni yangu imefika barabarani.