Safu gani, iliyolala au iliyosimama?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa R, lugha ya kompyuta ya kuchambua data, kwa wanafunzi wa takwimu. Amri ya rbind huchukua majedwali mawili na kuweka mistari ya la pili chini ya la kwanza. Niandike "kuunganisha safu", "kuambatisha safu" au "kupandisha safu"? Na je, ni data hii au data hizi?

JIBU: Vitenzi vitasubiri. Kilichonipandisha presha ni hiyo "safu" uliyoirudia mara tatu bila kupepesa jicho.

Neno tumelitoa kwa Waarabu, saff, watu waliojipanga bega kwa bega. Imamu akisema nyosheni safu, hakuna anayekwenda kusimama mgongoni kwa mwenzake. Hapo safu imelala. Wahariri wa magazeti wakaichukua, wakaisimamisha wima. Ndiyo hii unayoisoma. Wenye programu za kompyuta nao wakaona dawa ni kuivisha vilemba viwili: "safu mlalo" na "safu wima". Haya, lakini kilemba huvulika. Kufika ukurasa wa tatu mtafsiri kachoka, mlalo umedondoka, wima umedondoka, imebaki safu kichwa wazi na mwanafunzi apige ramli.

Tazama ramli hiyo inavyomponza. Ana mauzo ya duka, mstari mmoja kwa siku: tarehe, mikate, maziwa, jumla. Januari mistari 31, Februari 28. Kwa rbind angepata mistari 59, vichwa vilevile vinne. Lakini kasoma "unganisha safu", kaandika cbind, inayopanga majedwali ubavu kwa ubavu. R inamgomea kwa kuwa 31 na 28 hazilingani, na ashukuru kugomewa. Siku akileta Aprili na Juni, zote za siku 30, R haitasema kitu: mistari 30, vichwa vinane, tarehe mbilimbili, na mikate ya Juni imekaa jirani na mikate ya Aprili. Kwenye pandas, zana ya majedwali ya lugha ya Python, hata mgomo haupo. Amri yake ya concat, ukiiandikia axis=1 yaani ipange ubavu kwa ubavu, itapokea Januari na Februari, kisha mistari mitatu ya mwisho itajazwa NaN, alama ya pasipo na thamani, upande wa Februari. Yote hayo kwa neno moja la mtafsiri!

Kwa hiyo kilicholala ni mstari, kilichosimama ni safu. Mtaniambia mstari ni wa msimbo pia. Najua. Sijaona bado aliyeuchanganya na mstari wa jedwali.

Sasa vitenzi. Kuambatisha kumeshamezwa na barua pepe. Kupandisha waachie wafugaji. Neno kuunganisha lihifadhi kwa amri ya merge, inayolinganisha majedwali kwa ufunguo, mathalani namba ya mwanachama. Hii ya kwako ni "kuongezea mistari", basi. Waeleze pia kwamba rbind hulinganisha safu za majedwali hayo kwa majina, si kwa mpangilio: jedwali moja likiandika "Jumla" na jingine "jumla", itakataa. Concat haikatai, itakutengenezea safu ya tano, na "Jumla" na "jumla" zote mbili zina matobo.

Data hii, data hizi? Nimepigania "hizi" mpaka sauti imekauka. Andika upendavyo, ila chagua moja, usiniwekee zote mbili katika aya moja.