Mahubiri yananigusa, mbona sibadiliki?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nimeokoka miaka mingi. Kila alfajiri nasikiliza mahubiri redioni, na ibada ya jumuiya sikosi. Neno hunigusa hata nikalia, lakini nikifika sokoni mimi ni yuleyule, hasira zilezile. Na wifi yangu hatusemezani tangu shamba la marehemu baba lilipogawanywa. Je, Mungu ameacha kusema nami?

JIBU: Amina, dada yangu. Hajaacha. Nadhani amesema, nawe umemsikia vizuri kuliko unavyodhani.

Mwangalie Herode, mtawala wa Galilaya. Marko 6:20 inasema alimwogopa Yohana Mbatizaji, akamlinda, akafadhaika sana kila alipomsikiliza, na bado alimsikiliza kwa furaha. Aliguswa kweli. Lakini Yohana alikuwa na neno moja mahsusi kwake: si halali kuwa na Herodia, mke wa ndugu yako. Hilo hakulifanyia kazi, na mwisho wake akaagiza kichwa cha mhubiri aliyempenda kiletwe katika sinia. Nikiisoma habari hii naogopa, kwa sababu Herode hakuwa msikilizaji mbaya.

Sasa soma Luka 3:10-14. Mhubiri ni yuleyule, ila makutano wanamwuliza, "Tufanye nini basi?" Wenye kanzu mbili wampe asiye nayo, na wenye chakula vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mishahara yao. Hakumwambia mtoza ushuru aache kazi akakae jangwani. Alimrudisha palepale kwenye meza yake, kwenye fedha zake, kwa watu aliozoea kuwaonea. Ndiko Neno linakotiiwa: kwako wewe ni kwenye mizani yako sokoni, na kwa mteja anayekuchosha.

Na kwa wifi yako. Umemtaja mwishoni, kama jambo la pembeni, lakini mimi naona barua yako yote imesimama hapo. Bwana wetu alisema, ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako, uende ukapatane naye kwanza (Mathayo 5:23-24). Wewe umeshakumbuka. Kuongeza mahubiri mengine juu ya hilo hakutakusaidia, dada yangu. Nakuambia kwa upendo.

Sisemi utii ununue wokovu. Tumeokolewa kwa neema. Wala sisemi hasira itakwisha kwa siku moja, maana katika mfano wa mpanzi, mbegu ya udongo mzuri huzaa "kwa kuvumilia" (Luka 8:15).

Basi kesho asubuhi omba, kisha mpigie simu au uende kwake. Msalimie, muulize habari za watoto. Kama ulimtolea maneno makali, muombe msamaha kwa maneno hayo, bila kumkumbusha ya kwake. Habari ya mipaka ya shamba iacheni kwanza. Ikibidi, wazee wa ukoo waikalie kikao siku nyingine, na kusamehe hakukunyimi haki yako. Akikataa kupokea, Paulo anasema "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote" (Warumi 12:18): upande wako utakuwa umetimiza. Mwombee, na mkikutana njiani umsalimie tena.