Niposti nini mpaka afisa manunuzi asome?

Anti shikamoo. Mimi niko kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga, tuko Chumbageni, ofisi ndogo tu watu wachache. Bosi kanipa Instagram na LinkedIn niziendeshe, anataka tupate wateja wa makampuni, yani maafisa manunuzi, wahasibu, watu wa stoo wa Arusha na Moshi huko, sio wale wa gari moja kutoka Japani. Nimeposti makontena, nimeposti meli, Jumatatu njema, Ijumaa Karim, laiki napata lakini ni za mashemeji na niliosoma nao. Kila asubuhi nashika simu sijui niandike nini. Wenzangu mawazo mnayatoa wapi?
Msomaji, Chumbageni

Marahaba mwanangu. Hizo laiki za shemeji usizidharau, ila shemeji haagizi kontena.

Mawazo unayo, tatizo unamwandikia kila mtu kwa mpigo, na ukimwandikia kila mtu kinachobaki ni Ijumaa Karim mana ndio kitu pekee kinachowagusa wote. Mchague mmoja. Mimi ningemchukua yule afisa manunuzi wa kiwanda cha Arusha, ana malighafi inakuja na meli, mashine zikisimama anaulizwa yeye, gharama zikizidi anaulizwa yeye, na siku ya kikao ndio yeye anasimama kueleza kwa nini hela iliyotoka sio ile aliyoombea. Picha ya meli haimsaidii kitu huyo. Anatafuta maneno ya kwenda nayo kwenye kikao.

Na maneno hayo mnayo kwenye simu ya ofisi. Kuna mtu hapo kwenu kutwa anapokea simu za wateja, kaa naye karibu na daftari, kila swali liandike vile vile mteja alivyolisema, usilisafishe liwe la kitaalamu. "Mzigo umefika Jumanne mbona leo Ijumaa bado?" "Mbona ushuru umezidi ile kotesheni?" "Nimelipa demareji alafu tena storeji, ndio nini sasa?" Ukikaa hivo wiki mbili daftari litakuwa na posti za kukutosha muda mrefu, na hakuna hata moja uliyoitunga.

Tuchukue hilo la demareji tu. Anayelalamika hajui kwamba hao ni watu wawili tofauti, demareji ni ya kampuni ya meli mana umekaa na kontena lao kupita siku za bure, storeji ni ya bandari mana mzigo wako umekalia eneo lao, na kila mmoja anahesabu siku kivyake. Hiyo peke yake ni posti, mistari sita inatosha. Kesho yake unaandika karatasi gani ikichelewa ndio siku zinakatika bure. Keshokutwa unaandika kile cheti cha ubora cha TBS, ambacho bidhaa nyingi zinatakiwa zikaguliwe kule kule zinakotoka kabla hazijapakiwa, sasa watu wanakuja kukikumbuka meli iko katikati ya Bahari ya Hindi, hapo utasaidia nini zaidi ya kupiga hesabu ya faini. Alafu inayofuata, na hii ndio naipenda kuliko zote, unamwandikia kabisa ujumbe wa kumtumia muuzaji wake wa China au India kuomba nyaraka mapema, yeye akopi abandike abadilishe jina tu. Posti ya hivo watu hawalaiki. Wanaihifadhi, na siku ya shida wanakupigia.

Umeona swali moja limezaa ngapi. Fanya hivo hivo na namba ya HS, ile inayoonyesha forodha bidhaa yako ni ya aina gani: tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima lakini sisi Afrika Mashariki tunatumia 8, kwaiyo namba aliyopewa na muuzaji haijamaliza kazi.

Kuhusu lini uposti nini, achana na kalenda ya sikukuu, kazi yenu ina kalenda yake. Juni bajeti inasomwa Dodoma, Julai mosi viwango vipya vinaanza, kwaiyo kuanzia mwisho wa Juni kila mwagizaji anajiuliza mzigo wake ulioko njiani utaangukia upande gani, sasa wewe usipoposti hapo utaposti lini? Mwaka mpya wa Kichina nao unaangukia Januari au Februari, viwanda vingi kule vinafunga, asiyeagiza mapema anakaa anasubiri. Mkumbushe Novemba, sio siku yenyewe unamwekea picha ya dragoni.

Na kuna kitu unacho ambacho wakala wa Dar hana. Watu wengi wa Kaskazini bado wana picha ya Tanga ile ya zamani, meli inatia nanga mbali huko mzigo unashushwa kwenye matishari ndio uletwe gatini, kazi mara mbili na siku zinakwenda. Bandari imechimbwa, kina cha mita 3 kimekuwa 13 na magati yameboreshwa, meli zinafunga gatini moja kwa moja. Kuna afisa manunuzi Moshi hajui hilo au kalisikia kwenye taarifa ya habari likapita. Muandikie kwa lugha ya kazi yake, barabara kutoka hapa mpaka kwake ni fupi kuliko ya kutoka Dar, hatua za kutoa mzigo ni hizi, karatasi ni hizi. Usimsifie Tanga. Raha ya Tanga ataikuta akija.

Kabla hujabonyeza tuma jiulize kitu kimoja, huyu mtu anaweza kuifowadi hii kwa bosi wake bila aibu? Kama hawezi iache, hata kama umeipenda. Na LinkedIn inaonyesha mistari michache ya mwanzo tu, mengine mpaka mtu abonyeze, kwaiyo usianze na "Habari zenu wapendwa wafuasi wetu", anza na lile swali la mteja kama lilivyo. Instagram mwekee kipande kifupi tu cha hilo hilo, hao watu wako wengi hawako kule kikazi.

Anti habari. Mimi nashughulikia kurasa za ofisi ya wahasibu. Niliiomba ChatGPT mawazo 30 ikanipa fasta, umuhimu wa kutunza kumbukumbu, faida za kulipa kodi kwa wakati, mambo hayo. Bosi kasoma kanirudishia, kasema haya ofisi yoyote inaweza kuposti. Sasa hii AI ina faida gani?
Msomaji, Makorora

Nzuri mdogo wangu. Bosi wako kasema kweli, ila hiyo programu umeionea, umeiomba vitu 30 na hujaiambia unaongea na nani. Ipe swali moja kutoka dirishani kwenu na mtu mmoja. Kwa mfano: msomaji ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, mwezi uliopita amefikisha wafanyakazi 10, hajui kama tozo ya SDL, ile ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, sasa inamhusu, PAYE na VAT anazijua usimfundishe, nipe njia tano za kumweleza hili moja, usiandike neno "umuhimu". Hapo utaona inatoa kitu cha kushika.

Lakini viwango usiichukulie kwake. Hiyo SDL zamani ilianzia wafanyakazi 4, mwaka 2021 ndio ikapandishwa kuwa 10, na mtandaoni maandishi ya zamani bado yamejaa, itakuandikia 4 kwa kujiamini kabisa na wewe utaposti na nembo ya ofisi. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki nao ni hivo hivo, itakwambia ni 0, 10 na 25 kwa mia, ile ya 35 iliyoanza Julai 2022 inaweza isiitaje kabisa. Namba zote fungua sheria ya mwaka huu au muulize mhasibu wenu hapo, si mko ofisi moja.

Anti, niposti mara ngapi kwa wiki? Na naruhusiwa kuonyesha nyaraka za mteja kama mfano?
Msomaji, Raskazone

Mara mbili inatosha, hata moja kama ina kitu ndani. Nyaraka za mteja hapana. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jina la mtu, TIN yake, namba ya simu, hivo sio vyako kuvianika, na hata ukifunika jina wenye biashara Tanga hii wanajuana kwa aina ya mzigo tu. Tengeneza karatasi ya mfano, tia majina ya kubuni na uandike juu kabisa kwamba ni mfano. Ukitaka picha za ndani ya bandari omba ruhusa kwanza kwa maandishi.