Kabla ya kuomba bima ya hati, vaeni gambuti

Wadogo zangu mlioanza mwaka huu kazi ya kutwaa ardhi kwa niaba ya serikali hapa Uganda, juzi nimeletewa tena jalada lenye serchi (upekuzi wa daftari la ardhi) ya miezi minne iliyopita, nakala ya hati na ombi la malipo, bila dalili kwamba kuna aliyekanyaga shamba lenyewe. Nilipouliza, mmoja wenu alinijibu kwa ujasiri kwamba dawa ni serikali kununua bima ya hati, yaani bima dhidi ya kasoro za umiliki wa ardhi, kama Wamarekani. Wazo hilo si la kipumbavu, na ndiyo maana ninalijibu kwa maandishi.

1. Jueni bima hiyo inabeba nini. Marekani, ambako kampuni ya kwanza ya aina hiyo ilianzishwa Philadelphia mwaka 1876, daftari la umma kwa kawaida huhifadhi nyaraka tu bila kuthibitisha mmiliki ni nani, kwa hiyo mnunuzi hulipa ada mara moja na kampuni hubeba hasara ya kasoro zilizokuwapo kabla ya ununuzi. Sisi tunafuata mfumo wa Torrens, ambamo hati yenyewe ndiyo uthibitisho, isipokuwa palipo na ulaghai (nanyi mmekwisha kuona hati mbili za ploti moja).

2. Serchi irudiwe asubuhi ya malipo, kwa sababu kaveati, yaani zuio la mtu anayedai haki katika ardhi hiyo, yaweza kuwa imewekwa hata jana jioni.

3. Kibanja, yaani kipande anachokaa na kulima mtu kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mwingine. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilipewa ekari sita za mailo (ardhi ya Buganda yenye hati ya umiliki wa kudumu) zilizohitajika kwa barabara. Hati ilikuwa safi, serchi safi, mwenye ardhi mzee mpole wa kanzu na koti, na mimi, niliyetaka kufunga jalada kabla ya mwaka wa fedha kuisha Juni, nikalikubali neno lake kwamba nyumba tatu zilizoonekana kwenye ramani zilikuwa za vibarua wake. Nikasaini, na fidia yote ikaenda kwake. Tulipofika na mpima, mama mmoja alitoka migombani akatandaza mkekani stakabadhi za busuulu, kodi ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye ardhi, nyingine zimegeuka manjano, za tangu enzi za mkwewe. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulipita hapa lini?" Sikuwa nimepita. Sheria ya Ardhi ya 1998 ilimtambua kama mkaaji mwenye haki, na Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ilipwe kabla ya ardhi kutwaliwa, jambo ambalo Mahakama ya Juu ililisisitiza mwaka 2015. Katapila lilisimama, serikali ikalipa mara ya pili, na barua yangu ya onyo ingali katika faili langu.

Je, bima ingeniokoa? Bima ya kawaida ya Marekani huwaacha nje wakaaji ambao haki zao hazimo daftarini, yaani yule mama hasa. Na kampuni ikikubali kuwaingiza, hutaka kwanza ardhi ipimwe na kukaguliwa. Mtu lazima aende shambani vilevile.

4. Serikali ikinunua kwa hiari ploti ya ofisi Kampala, kwa muuzaji mmoja na bei kubwa, hapo ningeiunga mkono bima, kwa kuwa tishio ni hati ya kughushi. Katika utwaaji wa lazima ardhi tutaipata kwa nguvu ya sheria. Kinachopotea ni fedha zinazomfikia asiyestahili.

5. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) aulizwe, lakini majirani waulizwe yeye akiwa hayupo.

Jalada la juzi lingali mezani kwangu. Gari la kwenda Mpigi, kwenye shamba hilo, linaondoka kesho saa moja asubuhi, na mvua imenyesha huko tangu Jumapili.