Kwa anayeanza uzamivu wa akiolojia akiwa kazini Mombasa

Ndugu yangu, nilichukua miaka saba kumaliza shahada ya uzamivu ya akiolojia, nikisoma kwa masafa katika chuo cha Uingereza huku nikiendelea na ajira yangu hapa Mombasa. Kabla hujapenda swali lolote la utafiti, jua kwanza vitu utakavyovichunguza viko wapi, na ni siku ngapi kwa mwezi utaweza kuvifikia.

Mimi nilitaka kuchimba. Lakini uchimbaji hudai vibali, vibarua, ghala na wiki kadhaa mfululizo, ilhali likizo yangu ilikuwa siku 21 kwa mwaka. Nikageukia vigae vilivyokwisha kuchimbwa na wengine. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gede, karibu na Malindi, mwaka 1948, na katika makumbusho ya Fort Jesus, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kazini kwangu, mna vyombo kutoka magofu mbalimbali ya pwani. Hata hivyo, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti Kenya, na idhini ya makumbusho ni lazima, nawe uviombe mapema.

Vyombo vya kauri vya Uchina vitakuvuta macho, na kweli husaidia kukadiria umri wa tabaka la udongo vilimokutwa. Lakini vingi utakavyovikuta ni vipande vya vyungu vya kienyeji, na humo ndimo mlimo na maisha ya watu. Nakumbuka kipande kimoja cha mdomo wa chungu, chenye mistari iliyokwaruzwa shingoni na masizi yaliyoshika upande mmoja tu, nikakaa nacho Jumamosi nzima nikiwaza jinsi kilivyoegeshwa mafigani. Vihesabu vipande, kisha uvipime uzito, kwa kuwa chungu kimoja kikivunjika vipande 40 kitaonekana katika hesabu kama vyungu vingi.

Mwaka wa pili nilipiga picha za mfuko mzima wa vigae bila kuweka kando yake kadi ya namba ya tabaka. Nilirudia kazi hiyo kwa Jumamosi nne, maana kigae kisichojulikana kilitoka tabaka gani hakiwezi kutoa ushahidi wowote wa wakati.

Kuhusu msimamizi, mtumie maswali yaliyoandikwa siku mbili kabla ya kikao. Tunaitangulia Uingereza kwa saa tatu wakati wao wa baridi na saa mbili wakati wa joto, kwa hiyo vikao vyangu viliangukia baada ya Isha, nikiwa nimechoka, na maandishi hayo ndiyo yaliyoniokoa.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini alianza na mizani niliyopimia vigae: niliihakiki vipi, na mara ngapi? Nilifungua daftari la ghalani, nikamsomea tarehe zote nilizoweka juu yake jiwe la gramu 100 kabla ya kugusa kigae chochote. Aliandika kitu, akafungua ukurasa uliofuata.