Kwa mnaoanza zamu wodi ya vichanga: mtazame kabla hujamgusa

Ukiitwa kwa kichanga anayehema, acha kwanza stethoskopu shingoni. Mfunue kifua, simama, mtazame. Ukimgusa atalia, na akishalia hesabu ya pumzi haikusaidii tena. Hesabu dakika nzima kwa saa. Habari ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne iacheni kwa watu wazima. Kichanga huhema haraka, akatulia sekunde tano au kumi, kisha akaendelea, na hiyo ni kawaida yake. Akikaa sekunde 20 bila kupumua, au akisita kidogo tu huku rangi inabadilika na mapigo yanashuka, hiyo si kawaida.

Kiwango cha kawaida ni pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, lakini wageni wanaitegemea mno namba hii. Mimi kichanga wa 70 mwenye rangi nzuri na kifua kilichotulia hanitishi kama wa 55 anayeguna. Mguno ule mfupi, kila anapotoa pumzi, ni yeye anabana koo ili hewa isitoke yote na mapafu yasisinyae. Mara nyingine hausikiki bila stethoskopu, kwa hiyo baada ya kutazama, sikiliza. Angalia pia mbavu zinazozama, matundu ya pua yanayotanuka, na ulimi: mikono na miguu ya bluu saa za mwanzo haina neno, ulimi wa bluu una neno.

Kinachodanganya watu usiku ni hiki. Saa sita alihema mara 80, saa tisa amefika 40, nesi anaandika "anaendelea vizuri". Mfunue tena. Kama mbavu bado zinazama na mwili umelegea, huyo hajapona, amechoka, na kinachofuata ni kuacha kupumua. Ambu, mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono, iwe karibu.

Chanzo mara nyingi kimo kwenye maelezo ya uzazi. Aliyezaliwa kwa upasuaji kabla ya uchungu huenda ana maji yaliyobaki mapafuni, na wengi hutulia ndani ya siku moja hadi tatu. Njiti hana surfaktanti ya kutosha, yaani ute unaozuia mapafu yasisinyae, na huyo hali huzidi siku za mwanzo, msimsubiri. Uliza chupa ilipasuka lini: ikipita saa 18, au mama ana homa, fikiria maambukizi na anza antibiotiki bila kungoja picha ya kifua. Aliye bluu lakini hahangaiki kuhema, na oksijeni haimbadilishi, fikiria moyo. Tumbo likiwa limebonyea na kifua kimejaa, huenda matumbo yamepanda kifuani. Usimpulizie kwa ambu na barakoa, utayajaza hewa.

Kabla ya mashine ya kumsaidia kupumua, pima joto (liwe 36.5 hadi 37.5) na sukari. Baridi peke yake humfanya kichanga ahangaike kupumua. Kipimo cha oksijeni kivae mkono wa kulia. Dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa hata mzima husoma asilimia 60 hivi, kwa hiyo msikimbilie mtungi. Njiti aliye kwenye oksijeni abaki kati ya 90 na 95, maana ikizidi huharibu macho. Anayehema sana asinyonye. Maziwa yapite kwenye mpira wa kulishia unaoingia tumboni, na akiwa mahututi awekewe dripu.

CPAP ya mapovu, mashine inayosukuma hewa puani mfululizo ili mapafu yabaki wazi, anza na shinikizo la sentimita 5 au 6 za maji. Mapovu yakikata, hewa inavuja: kagua maungio, ukubwa wa vijiti vya puani, na mdomo ulioachama. Vijiti visigandamize ukuta wa katikati ya pua, unachubuka upesi. Ukifika sentimita 8 na bado unaongeza oksijeni, au anasita kupumua mara kwa mara, mpigie daktari wa juu wakati huo huo, usingoje raundi ya asubuhi. Akipewa rufaa, aondoke akiwa na joto, mpira tumboni, na karatasi yenye hesabu zako za pumzi kila saa.